Upande wa Bi Mabruka kwenye Sinia

Sahani ya Bi Mabruka ilikuwa ya plastiki, yenye vigawanyo vitatu. Kigawanyo kikubwa kilikuwa cha mboga. Viwili vidogo vilikuwa vya wali na samaki. Binti yake Alyaa ndiye aliyeinunua. Alyaa alikuwa mfamasia katika kituo kimoja cha afya hapo Nizwa, Oman, na kazi yake ilikuwa imemfundisha kuyaogopa makosa madogo yanayorudiwa kila siku. Kwa hiyo kila mchana, familia ilipokaa chini kulizunguka sinia, Bi Mabruka alikaa pamoja nao akiwa na sahani yake mapajani.

Hakulalamika. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Nyayo zake zilikuwa zimeanza kufa ganzi, na jicho lake la kushoto lilikuwa limetibiwa kwa leza. Alijua sababu ya sahani ile, na aliiheshimu.

Siku ya Idi, mdogo wake Kuruthum alikuja kutoka Sur. Alipoiona sahani alisimama mlangoni, viatu mkononi.

"Dada, mbona wamekutenga? Umepata ndui?"

"Nina sukari, mdogo wangu," akajibu Bi Mabruka. "Ndui ingekuwa heri, inapona."

Wote walicheka, na Kuruthum alicheka kuliko wote. Wageni walipoondoka, mume wa Bi Mabruka, Bwana Hamdun, alimkuta mkewe jikoni akiiosha sahani ile. Ilikuwa imekwisha kuwa safi, naye aliendelea kuiosha.

"Kuna nini, mama Alyaa?"

"Hakuna kitu."

"Sahani utaitoboa."

Alilifunga bomba. "Nyumba yetu ya Mkunazini, kule Unguja, tulikuwa watoto saba, sinia moja. Mama alikuwa akimpiga kofi la mkono anayevuka kwenye upande wa mwenziwe. Mimi na Kuruthum tulikaa bega kwa bega. Hata siku tulizogombana, tukanuniana, tulikula sinia moja. Leo ameniogopa. Ametania kwa sababu ameniogopa." Aliipangusa sahani kwa kitambaa. "Nataka nile naye tena kabla mmoja wetu hajaondoka. Mara moja tu. Kisha nitarudi kwenye plastiki yenu, wala hamtanisikia."

Hamdun alilipeleka ombi hilo kwa binti yake. Alikuwa mzee mpole, mtumishi wa serikali aliyestaafu, na alizungumza na Alyaa kama mtu aliye mbele ya dirisha la ofisi.

"Baba, sinia halina kipimo, wallahi," alisema Alyaa. "Yeye anakula hapa, wewe unamsogezea nyama, khalati Kuruthum anamsogezea wali. Mimi nihesabu nini?"

Bi Mabruka alikuwa akisikiliza kutoka chumbani. "Nifundishe, basi!" aliita. "Mwaka mzima unanikataza. Hujanifundisha hata siku moja!"

Alyaa aliinuka. Kisha akaenda kuileta mashine ya kupimia sukari.

Walifanya mafunzo siku za Ijumaa, Alyaa anapokuwa nyumbani. Bi Mabruka alipimwa kabla ya kula, akajipiga sindano yake ya insulini, ile inayotaka chakula kifuate mara moja, akala kitu kimoja kwa kiasi kinachojulikana, kisha akapimwa tena baada ya saa mbili. Walianza na boko boko. Ngano iliyopondwa na kuku ilipandisha sukari polepole, mradi samli iwe kijiko kimoja na asiongezewe. Wali wa nazi ulikuwa mkaidi. Ulikubali konzi moja tu, tena ya mkono wake mwenyewe na si ya Hamdun, na ilibidi mchicha utangulie. Mchuzi wa papa haukuwa na neno. Mkate wa ufuta ulikubalika robo. Mkate wa kumimina ulishindikana kabisa. Bi Mabruka aliunusa, akasema alhamdulillahi, akampa mumewe. Halwa haikujaribiwa. Alyaa alisema kuna mambo hayahitaji utafiti.

Tende alipewa moja, pamoja na kahawa chungu, tena kwa idhini. Lakini Alyaa alimfundisha pia jambo la pili, akalirudia mpaka mama yake akachoka.

"Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi, hiyo sukari imeshuka. Hapo kula tende tatu palepale. Usiniulize mimi. Usimuulize mtu."

"Nimesikia, daktari wangu."

Hamdun alilipenda neno hilo, akalifanya mzaha wa nyumba. Kila mkewe aliponyoosha mkono kwenye kitu kitamu, alisema, "Nimwite daktari wako?" Naye Bi Mabruka hakukosa jibu. "Mwite," alikuwa akisema, "nimle yeye kwanza." Mzaha huo uliwapitisha katika miezi migumu.

Tatizo moja lilibaki, nalo halikuwa la chakula. Katika sinia kila mtu ana upande wake, na mtu mwenye adabu havuki. Upande wa mzee, hata hivyo, hauna mpaka. Kila mkono humchambulia nyama na kumsogezea wali. Anayeheshimiwa sana hujikuta mbele ya mlima ambao hakuuomba, na kuukataa ni kumvunja moyo aliyeujenga.

"Mimi nitakaa ubavuni pake," alisema Hamdun. "Kila kinachosogezwa nitakila mimi. Nitakuwa ukuta."

"Ukuta wenye tumbo," alisema Bi Mabruka.

Walijaribu hivyo, na ukuta ulifanya kazi. Ijumaa moja, baada ya samaki na konzi moja ya wali iliyolindwa vizuri, mashine ilionyesha nane nukta sita. Alyaa aliitazama nambari hiyo, akambusu mama yake utosini, akachukua simu.

"Khalati Kuruthum? Njooni Ijumaa ijayo. Mama atakula nanyi kwenye sinia."

Ijumaa hiyo Bi Mabruka alianza kutoa amri tangu alfajiri. Ngano ilikuwa imelowekwa tangu jana. Kuku alichaguliwa, akakataliwa, akachaguliwa mwingine. Alyaa alipiga mwiko katika jiko la uani mpaka mabega yakamuuma. Ukumbini mikeka ilitandikwa. Pembeni ziliwekwa tende na halwa za wageni, zikafunikwa kwa kawa.

Baada ya sala ya Ijumaa simu ililia. Alikuwa Firas, mtoto wa Kuruthum, ndiye aliyekuwa akiendesha gari.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mko wapi?"

"Tuko Izki. Pakueni tu."

Katika familia hiyo hakuna aliyewahi kusema hasa alipo barabarani. Kumwambia mwenyeji kwamba bado uko mbali ni kumtia wasiwasi, na ni kama kumlaumu kwa kukusubiri. Aliye Ibra husema yuko Samail. Aliye Samail husema yuko Izki. Aliye Izki husema yuko mlangoni. Kila mtu alilijua jambo hili, na siku nyingine yoyote Bi Mabruka angecheka na kuongeza saa moja. Siku hiyo aliamini, kwa sababu alitaka kuamini. Firas alikuwa kwenye kituo cha mafuta nje ya Ibra, akibadilisha gurudumu.

Bi Mabruka alikwenda mpaka mlango wa uani. "Wako Izki! Sindano nipige?"

"Nusu saa ikipita, mama," alijibu Alyaa kutoka katika mvuke wa sufuria. "Waache wakaribie."

Nusu saa ilipita. Bi Mabruka alijipima, akaridhika, akajipiga sindano kwa kipimo kile kile cha siku ya boko boko. Kisha alikaa ukumbini na mumewe, kanga mpya mabegani, kusikiliza gari.

"Utaona," alisema. "Kitu cha kwanza atanisogezea paja la kuku. Ndivyo alivyo."

"Mimi niko hapa."

"Usilinyakue mbele ya macho yake. Ngoja ageuke."

"Nitalichukua kwa adabu zote."

Walicheka. Muda ulikwenda. Gari lilipita, halikuwa lao. Hamdun alisinzia kidogo. Alipofumbua macho, aliona uso wa mkewe unang'aa kwa jasho.

"Kiyoyozi kimezimwa?" aliuliza Bi Mabruka.

"Kinafanya kazi. Ni joto la jiko hilo, umekuwa huko tangu asubuhi."

Bi Mabruka alivuta kawa, akalisogeza kando, na mkono wake ukaenda kwenye tende.

"Ehe!" alisema Hamdun kwa furaha. "Mkono huo unakwenda wapi? Wageni hawajaonja, na daktari wako yuko jikoni. Nimwite?"

Bi Mabruka aliusimamisha mkono. Alimtazama mumewe kama anayejaribu kukumbuka jambo aliloagizwa. Kisha alilirudisha kawa mahali pake, kwa uangalifu mkubwa, akaiweka mikono yake mapajani. Hamdun alisubiri jibu lake la kila siku. Halikuja, naye hakushangaa. Alidhani amechoka.

Baada ya kitambo Bi Mabruka alisimama. "Kuruthum yuko nje," alisema. "Anagonga."

Hapakuwa na mtu aliyegonga. Hamdun alisema hivyo, naye hakusikia. Alitembea hadi kwenye ukumbi wa mlango, akakosa kidato, akaanguka kwa ubavu.

Alyaa alikuja mbio na mwiko mkononi. Alimtoboa kidole mama yake. Mashine ilionyesha mbili nukta moja. Alimlaza kwa upande usioumia, akamwagiza baba yake asali, akampaka ndani ya shavu kidogo kidogo huku akimwita jina. Akampigia simu mtu wa gari la wagonjwa kwa sauti tulivu kabisa, akataja mtaa, umri, dawa na kipimo.

Kuruthum na Firas walifika wakati nyumba ilikuwa haina mtu. Mlango ulikuwa wazi. Sinia lilikuwa katikati ya mkeka, tupu. Kuruthum aliita, "Hodi! Dada! Tumefika!" Alipita hadi uani akaliona sufuria linachemka peke yake. Jirani alichungulia juu ya ukuta akawaeleza yaliyotokea. Kuruthum alizima moto, akafunika boko boko, akatoka.

Hospitalini sukari ilipanda haraka baada ya dripu, lakini nyonga ilikuwa imevunjika. Bi Mabruka alipasuliwa usiku huo huo. Asubuhi daktari wa mifupa aliwaita. Kuhusu kisukari alikuwa na maneno mazuri: vipimo vya miezi ya karibuni vilikuwa bora kuliko vya wagonjwa wengi wa umri wake. Ale vile alivyojifunza. Asibanwe zaidi.

Hamdun aliuliza kuhusu sinia, akidhani hataeleweka. Daktari alikuwa mtu wa Manah, mji wa jirani, akaelewa mara moja.

"Kiti, baba," alisema. "Kiti na meza, maisha yake yote. Akikaa chini nyonga itachomoka, na mara ya pili sitaweza kumsaidia."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Walirudi kukaa nje ya chumba. Alyaa alikuwa ameegemea ukuta.

"Tende zilikuwa mbele yake," alisema. "Nilimfundisha. Tatu, bila ya kuuliza. Kwa nini hakula?"

Hamdun alikuwa amelisubiri swali hilo tangu jana. "Alinyoosha mkono," alisema. "Nikamtania. Nikamwambia nitakuita."

Alyaa aligeuka akamtazama. Alikaa kwenye kiti kilicho mbali naye, kisha baada ya muda akahama, akaja kukaa karibu. Hakumgusa.

"Mimi nilisema Izki," alisema Firas kwa sauti ndogo. "Tulikuwa Ibra. Kama ningesema..."

"Bas," alisema Kuruthum. "Nyote bas. Mkitaka kuhukumiana nendeni barabarani. Hapa pana mgonjwa."

Bi Mabruka aliamka vizuri siku iliyofuata. Alikuwa mnyonge, lakini akili ilikuwa yake. Alimtambua kila mmoja, akauliza kama Hamdun amekula. Mguu wake ulikuwa chini ya shuka, mto mnene umewekwa katikati ya mapaja. Alijua kwamba ameanguka na amepasuliwa, lakini habari ya kiti na meza hakuwa ameambiwa. Alidhani ameanguka usiku, akienda kutawadha.

"Siku gani hiyo?" aliuliza. "Baada ya nyinyi kuja?"

Alyaa alikwenda kusimama dirishani.

"Nakumbuka nimeketi ukumbini," alisema. "Nimevaa ile kanga. Nikasikia gari." Alikunja uso. "Halafu basi. Hapana kitu. Kuruthum, mlifika?"

"Tulifika, dada."

"Tulikula?"

Kuruthum alimtazama shemeji yake. Firas alitazama sakafu. Hamdun alikuwa ameushika mkono wa mkewe, mkono ule ule wa kulia, na aliusikia ukisubiri.

"Mlikula," alisema.

"Mimi na yeye? Kwenye sinia?"

"Wewe na yeye."

"Sikumbuki," alisema Bi Mabruka, na macho yake yakajaa maji. "Wallahi sikumbuki hata tonge moja. Miezi yote ile, halafu sikumbuki."

Kuruthum aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya soko, na sasa aliishusha sauti hiyo kadiri alivyoweza.

"Basi nitakukumbusha mimi. Ulikaa kushotoni kwangu. Bega lako lilikuwa hapa. Boko boko lilikuwa laini, halina hata punje iliyobaki nzima. Nikakwambia, nani amepika? Ukasema, Alyaa. Nikasema, uongo, mtoto wa leo hajui kupiga mwiko hivi."

"Nilimsimamia mimi."

"Ndivyo ulivyosema. Nikakuchambulia paja la kuku nikakusogezea. Nikageuka kunywa maji. Kurudi, paja halipo! Namwona bwana wako anatafuna, ametazama dari kama anayesoma dua."

Bi Mabruka alicheka. Kicheko kilimuuma nyonga, akakunja uso, akacheka tena. "Tulipatana hivyo. Yeye ni ukuta."

"Ukuta gani? Ni mwizi wa mchana."

"Nilivuka upande wako?"

"Mara moja," alisema Kuruthum. Alikuwa amekwenda mbali sana, hakujua tena pa kurudia. "Ulivuka mara moja. Nikakupiga kofi la mkono, kama mama. Ukasema, mtoto wewe, mimi ni mkubwa wako."

"Ningesema hivyo."

"Ulisema."

Bi Mabruka alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisogea kidogo, kama anayeonja. Walidhani amelala. Hamdun alikuwa ameanza kuuachia mkono wake aliposema tena, bila kufumbua macho.

"Alyaa."

"Naam, mama."

"Baada ya saa mbili ulinipima?"

Alyaa alikuwa amesimama dirishani. Katika kazi yake aliwaona kila siku watu wanaodanganya nambari. Walibadilisha vipimo ili wamridhishe daktari, waume, watoto. Aliwaonya kwa ukali kwamba unaweza kumdanganya mtu kuhusu chochote, lakini si kuhusu hilo. Hakuwa amewahi kumtajia mgonjwa nambari ambayo mashine haikuonyesha. Baba yake alimtazama. Khalati yake hakumtazama.

"Nilikupima," alisema.

"Ilikuwa ngapi?"

"Saba nukta tisa."

"Saba nukta tisa!" Bi Mabruka alifumbua macho yote mawili, lile zima na lile lililotibiwa. "Na boko boko! Na mgeni ubavuni! Umesikia, baba Alyaa? Mwaka mzima mnanilisha kwenye plastiki, kumbe ningeweza."

"Uliweza," alisema Hamdun.

"Basi Idi waje tena. Safari hii nitakumbuka." Alitafuta mkono wa dada yake juu ya shuka, akaupata. "Tutatandika ukumbini, kule kuna nafasi. Kuruthum, leta jodari wa huko kwenu, nitakuonyesha konzi yangu ya wali. Ndogo, lakini inatosha. Nitakaa pale pale."

Kuruthum aliinama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda, na alichelewa sana kuvipata.

"Inshallah," alisema Hamdun.

Alyaa alikuwa amekwisha kutoka. Walimsikia akitembea haraka kwenye ukumbi wa wodi, akiwapita wauguzi, mpaka hatua zake zikapotea.